Mtu wa Saba Lupangoni

Kama hujawahi kuwa mwenyekiti wa kitu kisichohudhuriwa na mtu, usimcheke Marie-Louise. Kaa kitako usikilize. Wapo wanaocheka wakisikia kwamba mwanamke mzima, msusi ambaye vidole vinamuuma kila jioni, ana uwanja ndani ya simu, na uwanja huo una uzio wa matete, mpapai, mbabula, yaani jiko la mkaa, na viti vya plastiki, na kila Jumapili mchana yeye anaufagia. Ndiyo, anaufagia. Mna ufagio humo, ukiugusa unafagia. Majani yanarudi kila wiki kwa sababu programu imetengenezwa hivyo, naye kila wiki anayafagia bila kulalamika.

Wenyewe wanauita Lupango. Kwao Kalemie, Kongo, lupango ni ua wa nyumba, mahali pa kukaa mkatafuna karanga na kumsengenya aliyetoka sasa hivi. Durban lupango utaupata wapi? Kuna magorofa ya South Beach, ambako amepanga chumba kimoja ghorofa ya tisa, na jirani humjui ila kwa harufu ya mboga yake. Ndiyo maana mumewe, Hardy, aliyekuwa akipakia mizigo kwenye maghala ya Clairwood, aliinamia simu yake wiki nzima akajenga ua huo ndani ya programu ya avata. Avata, kwa asiyejua, ni kijisanamu chako mwenyewe. Unakichagulia uso, nywele na nguo, kinatembea, kinakaa, kinasema kwa sauti yako. Watu wa kwao walioko Durban, walioko Johannesburg, waliokwishahamia Canada, wote wakaingia. Siku za mwanzo viti havikutosha, ikabidi Hardy aongeze.

Kisha Hardy akafa. Alitoka asubuhi kwenda kazini mkewe akiwa bado amelala, akaanguka kwenye foleni ya taxi, na huo ukawa mwisho wake. Hakuaga. Hilo ndilo lililomkaa Marie-Louise kooni kuliko hata kifo chenyewe, maana kufa kila mtu atakufa, lakini mtu uliyeishi naye miaka yote hiyo aondoke kama mteja aliyekosea mlango? Matanga yalikaliwa kanisani na Lupangoni pia, na siku hiyo avata zilijaa hadi programu ikawa inawatupa watu nje. Walilia wakiwa Ohio, walilia wakiwa Toronto, wakaimba pamoja, kila mmoja kwa mwendo wa mtandao wake, na wimbo ukawa hauishi.

Huo ulikuwa mwaka juzi. Sasa njoo uone Lupango wa leo.

Jamani, kuwaita watu ni kazi! Kwenye kundi la WhatsApp wamo wengi mno, na Marie-Louise akiandika, "Ndugu, Jumapili saa tisa, tuonane Lupangoni," anapata mikono ya sala, mioyo, na "Tuko pamoja, yaya," maana kwao yaya ni dada au kaka mkubwa. Pamoja wapi? Saa tisa ikifika humkuti hata mmoja wao. Huyu bando limeisha. Yule amesahau neno la siri, amefunguliwa avata mpya, akalisahau tena. Mwingine amebadilisha zamu. Wa Canada saa tisa ya huku kwao ni asubuhi ya kanisa. Na wako wale wasio na sababu yoyote, wanasoma ujumbe na kunyamaza, hao ndio wanaochosha kuliko wote.

Hakuna alichoacha kujaribu. Aliweka mashindano ya vitendawili, wakaja wiki mbili. Aliweka kwaya. Aliweka maonyesho ya vitenge, avata za kina mama zikapita zikizunguka mbele ya mpapai, ikapendeza kweli, na Jumapili iliyofuata walikuja wanne. Alipika pondu ya kwenye simu, kisamvu kisicholika. Usinicheke, nimesema! Mtu aliyechoka hujaribu hata pondu ya kwenye simu.

Na alikuwa na sababu ya kuhangaika. Wenye programu wana sheria yao: uwanja usiopata watu saba siku yake ya mkutano, mara nne mfululizo, unafungwa. Unafutwa kabisa, uzio, mpapai, mbabula na vyote. Mpapai ule Hardy aliupanda kwa kidole chake. Viti vile alivipaka rangi ya buluu mwenyewe, akauliza, "Mama Malu, hii buluu au ile?" na Marie-Louise akajibu bila kuangalia, "Hiyo hiyo." Ukifungwa, hayo yote yanakwenda wapi? Hayaendi popote. Yanakuwa kama hayakuwapo.

Basi hesabu yake ya kila Jumapili ilikuwa hii. Yeye mwenyewe. Cathy, msusi mwenzake, ambaye anaingia kwa hisani, anailaza simu kwenye meza kifudifudi na kuendelea kukunja taulo. Gustave, mlinzi wa geti la ghala moja kule Clairwood, mtu wa Kalemie pia, ambaye avata yake imevaa suti ya zambarau na kofia na fimbo, wakati mwenyewe yumo ndani ya fulana ya kung'aa ya ulinzi. Tina wa Toronto, na binti yake anayeingia kwa kulazimishwa. Na Rabia, wa kuja juzijuzi, ambaye nitamsema.

Hao ni sita. Wa saba alikuwa Hardy.

Simu ya Hardy ilikuwapo, kioo kimepasuka pembeni, inachajiwa nyuma ya kioo kikubwa cha saluni. Mwanzoni Marie-Louise aliifungua kwa hamu tu, ili amwone. Avata ikakaa kwenye kiti chake cha buluu karibu na mbabula, shati jeupe, mikono magotini. Akakaa karibu nayo, moyo ukatulia. Baadaye watu walipopungua, hamu ikageuka hesabu. Kila Jumapili akawa anamwingiza, anamweka kitini, na kila baada ya dakika chache anakigusa kioo ili programu isidhani mtu amelala.

Ila kitu kimoja hakukifanya hata siku moja: kumtoa kwa mlango. Kuna alama ya mlango, ukiibonyeza avata yako inasimama, inawageukia wenzako, inapunga mkono mara tatu, kisha inaenda getini na kupotea. Huwezi kuikatisha. Gustave huwa analalamika, "Ninyi, hii kuaga yenu iko ndefu kuliko misa!" Marie-Louise hakutaka kumwona Hardy akifanya hivyo. Alikuwa akiichomoa simu kwenye chaja na kuiacha ife yenyewe, na hapo avata hutoweka tu, kiti kikabaki. Alishazoea mtu huyo kuondoka hivyo.

Rabia sasa. Rabia si Mkongo. Ni mzaliwa wa Durban, wa kule Chatsworth, katika Waislamu wale ambao wazee wao waliletwa kutoka pwani ya juu zamani sana, na wenyewe huitwa Wazanzibari hadi kesho. Anashona mapazia. Kiswahili alikirithi kwa bibi yake vipande vipande, akakitafuta kilichobaki mitandaoni, ndipo akaangukia Lupangoni. Alikuja kusukwa saluni mara moja, wakasalimiana, akarudi kwao. Wahenga hawakukosea, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini dawa nyingine ni chungu, nao hawakusema hilo.

Jumapili moja saluni imefungwa nusu mlango, na katika barabara ile ambayo vibao vinaiita kwa jina jipya na madereva wa taxi wanaiita West, kelele zimepungua. Marie-Louise amekaa kwenye kiti cha wateja, simu yake mkononi, ya Hardy kwenye chaja. Saba wametimia. Mazungumzo yalikuwa kama kawaida: Tina anasema kwao kuna theluji, Gustave anasema kwake kuna malori, kisha kimya, kisha mtu anakohoa. Marie-Louise anatafuta neno la kuwachangamsha, halipati. Amechoka. Mikono imechoka, na hata ulimi umechoka.

Avata ya Rabia, yenye mtandio wa kijani, ikasogea hadi kwenye kiti cha Hardy ikainama.

"Shemeji Hardy, habari za leo?"

Mikono ilibaki magotini.

Rabia akageuka. "Dada Marie-Louise, samahani, mimi Kiswahili changu kibovu, labda nimekosea adabu. Mumeo ana hasira na mimi? Kila Jumapili namsalimu, hajibu. Eish, naona haya."

Ukisikia watu wameganda, ndivyo walivyoganda. Binti wa Tina alibonyeza mlango mara moja, akasimama, akapunga mkono mara tatu, akaenda zake. Cathy aliacha kukunja taulo.

Ni Gustave aliyesema, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye suti ya zambarau.

"Mama Rabia, yule ni marehemu."

"Innalillahi! Lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi?" Rabia akauliza kama anayeuliza bei ya kitambaa, hana ubaya wowote. "Na mnamwacha akae hapa? Kwetu eda ikiisha mjane anatoka, na maiti anaachwa apumzike. Kwenu hakuna mwisho?"

Marie-Louise aliinuka kwenye kiti cha wateja. "Namwingiza ili tuwe saba," alisema. "Ninyi hamji. Ningefanya nini? Watu wamelala, wananiandikia tuko pamoja, tuko pamoja, na uwanja unakufa! Huyu angalau haniambii bando limeisha."

"Shemeji," Gustave alisema polepole, "si bando."

"Nini?"

"Watu si bando. Watu wanaogopa. Unaingia, unamkuta Hardy amekaa, anakuangalia, hapepesi macho. Kwetu mtu akifa tunamlilia, tunaondoa matanga, basi. Huyu hajaondolewa. Yaya Blaise aliniambia aliota ndoto siku tatu. Mama Deborah alisema harudi mahali ambapo mfu anapewa kiti. Wote walikimbia kwa sababu hiyo. Mimi mwenyewe nakaa upande wa geti, hujaona?"

Hakuwa ameona. Mwaka mzima na zaidi alikuwa akiwaza vitendawili na kwaya na pondu, kumbe kinachofukuza watu alikuwa anakichaji mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikipenda.

"Na hamkuniambia!" alipiga kelele, mpaka mpita njia akachungulia saluni. "Miezi yote hii mnaniona najihangaisha kama kichaa, mmekaa kimya!"

"Nani angesema?" Gustave naye akapandisha. "Mimi ni nani? Mjane anainuliwa matangani na ndugu za mumewe. Mimi nikuambie ondoa matanga, watu waseme Gustave anamtaka mke wa Hardy? Hapana! Hilo ni neno la ukoo."

"Ukoo uko Kalemie!"

"Ndiyo. Uko Kalemie."

Marie-Louise aliichomoa simu ya Hardy, akatupa yake ndani ya mkoba, akatoka bila kuaga mtu. Alitembea kwa miguu hadi South Beach akilia waziwazi, na watu wa Durban, waliozoea mambo, walimpisha njia.

Wiki ile alisuka vichwa vya watu bila kusema. Nywele zake mwenyewe zilikuwa chini ya kilemba cheusi kilekile, hazijaguswa tangu msiba. Msusi mwenye kichwa kisichosukwa! Wateja walikiona, na wao hawakusema. Ndivyo walivyo watu wake, heshima yao ni kunyamaza, na unaweza kufia ndani ya heshima hiyo ukiwa umezungukwa na watu wanaokupenda.

Alhamisi, Cathy akisafisha vichana, alisema bila kumtazama, "Yaya, nami nilikuwa naogopa. Simu nilikuwa nailaza kifudifudi kwa sababu yake. Nisamehe."

"Wewe pia?"

"Nami pia. Alikuwa mtu mzuri, Hardy. Sikutaka kumwogopa."

Hilo ndilo lililomvunja. Wamwogope Hardy? Hardy aliyekuwa akichekesha hadi watoto wa jirani? Jioni ile ile, kabla jua halijatua, alimpigia Elysée, kaka mkubwa wa marehemu, kule Kalemie. Mtandao ulikatika, akapiga tena. Alimweleza yote, kiti, chaja, watu kukimbia. Alitegemea kukemewa.

Elysée alikohoa. "Mama Malu, sisi huku tulikuwa tunangoja neno lako. Tulisema, huenda bado hajawa tayari, tusimsukume. Baba mkubwa ameuliza kila mwaka."

"Nami nilikuwa nangoja ninyi," alisema.

Kisha Elysée akasema kwamba yeye hana simu ya kuingilia humo Lupangoni, macho yake nayo hayaoni vizuri, basi Gustave asimame badala yake. "Mwambie nimesema mimi. Siku hiyo Gustave ni mkono wangu."

"Nikimtoa tutabaki sita," alisema Marie-Louise, ghafla kama mtoto. "Uwanja utafungwa. Aliupanda mpapai."

"Mpapai si mtu," Elysée alisema. "Utamshikilia mpaka lini?"

Alipokata simu alikuwa ameshaamua, na uamuzi haukumpa furaha yoyote, alihisi uchovu tu, ule wa mtu aliyetua mzigo na mabega bado yanaukumbuka. Ukifungwa na ufungwe, alijisemea. Akaandika kwenye kundi: "Jumapili saa tisa tunaondoa matanga ya Hardy. Kaka yake amekubali." Hakukuwa na mikono ya sala wala mioyo. Kwa mara ya kwanza watu walimjibu kwa maneno yao wenyewe.

Jumapili ilipofika Cathy alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akamvua kilemba, akazichambua zile nywele zilizoshikana, akaanza mistari kuanzia utosini kurudi nyuma. Alivuta sana. Ndivyo ilivyo kwao, mjane anayetoka lazima atoke na kichwa kipya, na Cathy hakutaka mtu aseme kazi ni mbaya. Simu mbili zilikuwa mapajani mwa Marie-Louise.

Waliingia. Wale sita kwanza, na binti wa Tina hakulazimishwa. Kisha Blaise. Kisha mama Deborah, na avata yake ya zamani iliyovaa kitenge cha ndege. Kisha watu ambao Marie-Louise alidhani wamekwishafuta programu. Viti vikajaa, wengine wakasimama kwenye uzio. Hardy alikuwa kitini pake, mikono magotini, na leo hakuna aliyekaa upande wa geti.

Gustave alisogea mbele. Suti ya zambarau ameibadilisha, amevaa nyeusi.

"Mimi ni mkono wa Elysée," alisema. "Shemeji Marie-Louise, umelia, imetosha. Ukoo unakushukuru. Umemkalia ndugu yetu matanga vizuri kuliko sisi. Inuka."

Avata ya Marie-Louise, iliyokuwa imekaa chini kwenye mkeka, ikainuka. Kina mama wakapiga vigelegele. Rabia alipiga chake kwa kuchelewa, kirefu kuliko vyote, na hakuna aliyemcheka.

"Sasa," Gustave alisema, "mruhusu aende."

Marie-Louise aliichukua simu yenye kioo kilichopasuka. Aliitafuta alama ya mlango, akaiona, kidole kikagoma. Kuchomoa chaja angeweza. Hilo alilizoea. Cathy alisimamisha kusuka, akamwekea mkono begani.

Akabonyeza.

Hardy alisimama kutoka kwenye kiti cha buluu. Aligeuka, akawatazama wote, kisha, kwa sababu mkewe ndiye aliyekuwa karibu naye, akamwelekea yeye. Akapunga mkono mara ya kwanza. Mara ya pili. Ua mzima ukainua mikono, Toronto, Johannesburg, Chatsworth, Clairwood. Mara ya tatu. Kisha akatembea taratibu hadi getini, shati lake jeupe, na hakuwapo tena.

Kwenye saluni, Marie-Louise alikuwa ameuinua mkono wake mwenyewe, mkono wa kweli, vidole vimevimba kwa kazi, anapunga mbele ya kioo kikubwa, machozi yanamtiririka mpaka shingoni. "Nenda salama, baba," alikuwa akisema. "Nenda salama. Nimekuona."

"Tulia basi, yaya," Cathy alisema, naye analia, kichana mdomoni. "Usitikise kichwa. Imebaki mistari miwili."